Tumbo Joto: Bakteria wa Utumbo na Tabia ya Wasiwasi kwa Wanyama

Msomaji wa Taifa Leo jijini Nairobi amezoea vichwa vya habari vinavyotangaza kwamba wanasiasa fulani wamepatwa na tumbo joto. Mwanaisimu ataiita nahau na kuendelea na shughuli zake. Lakini kwa takriban miaka 20 sasa, wanabiolojia wamekuwa wakichunguza jambo linalokaribia sana maana ya maneno hayo jinsi yalivyo: kwamba hofu ina uhusiano na vilivyomo tumboni.

Utumbo wa mnyama una bakteria wasiohesabika. Ili kubaini iwapo wanaathiri ubongo, watafiti hulea panya wasio na bakteria hata mmoja tangu kuzaliwa. Mwaka 2004, Nobuyuki Sudo na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kyushu, Japani, walionyesha kwamba panya wa namna hii wakibanwa wasiweze kusogea, homoni za mfadhaiko hupanda mwilini mwao kuliko kwa panya wa kawaida. Walipopewa bifidobakteria, hali hiyo ilirekebika.

Mwaka 2011, Rochellys Diaz Heijtz na wenzake nchini Uswidi walipata picha tofauti. Kipimo kimojawapo kilikuwa ujia wa umbo la msalaba, ulioinuliwa juu ya sakafu. Mikono miwili ina kuta, miwili iko wazi. Panya mwoga hujibanza penye kuta. Wale wasio na bakteria walithubutu zaidi kutoka. Yaani homoni zinasema hili, miguu inasema lile! Ndiyo maana wataalamu makini hawasemi “wasiwasi” bali “tabia inayofanana na wasiwasi”. Wasiwasi, neno tulilolipata kutoka Kiarabu, ni mnong’ono wa ndani ya nafsi, na panya hawezi kuulizwa ananong’onezwa nini. Mfasiri anayelifupisha istilahi hiyo amedai zaidi ya ushahidi uliopo.

Habari husafirije kutoka tumboni hadi kichwani? Mwaka huohuo wa 2011, Javier Bravo na wenzake waliwalisha panya bakteria wa jamii ya laktobasili, ndugu wa wale wanaogandisha maziwa ya mala. Tabia ya woga ilipungua. Neva ya vagasi, inayounganisha utumbo na ubongo, ilipokatwa, nafuu hiyo haikuonekana tena. Hata hivyo, bakteria hao hao walipojaribiwa kwa wanaume 29 wenye afya, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, hawakupunguza mfadhaiko. Mwanafunzi anayekunywa mala usiku wa kuamkia mtihani na anywe kwa sababu ni tamu.

Kenya nayo ina mchango wake. Mradi wa utafiti wa nyani wa Amboseli, ulioanza mwaka 1971, umeshirikiana kwa muda mrefu na taasisi ya utafiti wa jamii ya nyani iliyoko Karen, magharibi mwa Nairobi. Mwaka 2015, Jenny Tung na wenzake walichunguza kinyesi cha nyani 48 wa makundi mawili. Waligundua kwamba nyani wanaochambuana manyoya mara kwa mara hufanana zaidi bakteria zao za utumboni, hata lishe na undugu vikizingatiwa. Woga wa nyani haukupimwa katika utafiti huo. Lakini kama bakteria hugusa tabia, basi huko mwituni, tofauti na maabarani, kila nyani hupokea sehemu ya bakteria hao mikononi mwa mwenziwe.