Jasusi Aliyegeuka Mwalimu wa Historia



Hapa Nyakiriba neno "akazi" leo lina maana ya kazi tu, kazi yenye mshahara. Zamani za Wabelgiji neno hilohilo liliwatia watu hofu. Lilikuwa jina la kazi ya shuruti, nacho kiboko hakikuwa mbali. Wanyarwanda wengi walikimbilia Uganda kutafuta kibarua ili kuikwepa.

Mmoja wa watu waliofichua kazi ya shuruti katika Afrika alikuwa zamani ofisa wa upelelezi wa Uingereza. Jina lake ni Basil Davidson. Alizaliwa Bristol mwaka 1914, akaacha shule akiwa na miaka 16.

Wakati wa vita vya 1939–1945 aliingia katika idara ya siri. Huko Cairo alisimamia mambo ya Yugoslavia. Serikali yake ilikuwa ikiwasaidia askari wa mfalme. Lakini habari za simu za upepo za Wajerumani, zilizonaswa, zilionyesha kwamba waliokuwa wakipigana zaidi ni watu wa Tito, wengi wao wakulima. Januari 1943 Davidson na wenzake walimfikishia Churchill ushahidi huo. Agosti alishuka Bosnia kwa mwavuli, akaishi na wapiganaji hao. Huko aliona kwa macho yake kwamba watu wa chini wanaweza kujiongoza.

Vita vilipokwisha akawa mwandishi wa habari, kisha akaigeukia Afrika. Kwa kitabu chake cha 1952, Afrika Kusini ilimpiga marufuku. Mwaka 1954 alisafiri Kongo na Angola, na mwaka uliofuata akaeleza jinsi Waangola walivyolazimishwa kufanya kazi kwa jina la "mkataba". Mwaka 1959 akaandika juu ya Kilwa, Zimbabwe na Meroe, wakati ambapo wasomi wengi wa Ulaya walidai kwamba Afrika haina historia.

Huyo asiyesoma chuo kikuu aliitwa kufundisha Chuo Kikuu cha Ghana mwaka 1964, na California mwaka 1971. Mwaka 1967, pamoja na J. E. F. Mhina, alitoa kitabu cha shule cha historia ya Afrika Mashariki na Kati. Alifariki mwaka 2010.

Tunajifunza nini? Jasusi hukusanya habari, zikafungiwa kabatini mwa wakubwa wachache. Mwalimu huzikusanya akazitoa hadharani. Ufundi ni uleule. Tofauti ni nani anayefaidika.

Nasi katika mashamba ya chai, mizani na daftari viko mkononi mwa karani. Mchumaji asiyeandika kilo zake hana shahidi siku ya mshahara. Basi kila mmoja awe na kijitabu chake, aandike tarehe na kilo, akileta mkutanoni. Mali bila daftari hupotea bila habari.