Pikapu ya petroli au ya dizeli: piga hesabu kabla ya kulipa

Kila bei ya mazao inapokuwa nzuri, wasikilizaji wetu hutuuliza swali lile lile. Mtu ameuza mpunga au viazi, SACCOS imekubali kumwongezea mkopo, na sasa anataka pikapu ya kubebea mizigo. Achukue ya petroli au ya dizeli? Wengi huwa wameshajibiwa kijiweni kabla hawajatupigia: chukua dizeli, haili mafuta, ina nguvu, haifi. Maneno hayo matatu yana ukweli ndani yake. Lakini kila moja lina sharti lake, na wanaopata hasara ni wale waliosahau kuliuliza hilo sharti.

Tuanze na ulaji wa mafuta. Lita ya dizeli ina nishati zaidi kuliko lita ya petroli, kati ya asilimia 10 na 15. Juu ya hapo, injini ya dizeli huibana hewa kwa nguvu mpaka joto lake linawasha mafuta bila plagi, na ubanaji huo unaifanya ipate kazi nyingi zaidi kutoka katika kila lita. Kwa hiyo ni kweli, dizeli huenda mbali zaidi. Ila swali la mwenye mkopo ni jingine: je, inaenda mbali kiasi cha kurudisha pesa uliyoongeza siku ya kuinunua?

Tuchukue mfano, nawe baadaye uweke namba za kwenu. Tuseme umeoneshwa pikapu mbili za umri mmoja na hali moja. Ya petroli, injini ya lita 2.7, inauzwa shilingi milioni 28. Ya dizeli inauzwa milioni 38. Ya petroli ikiwa na mzigo kwenye barabara ya vumbi inakwenda kilomita 8 kwa lita, ya dizeli kilomita 11. Na tuseme bei ya mafuta yote mawili ni shilingi 3,000 kwa lita. Kwa kilomita 100, ya petroli itakula lita 12 na nusu, yaani shilingi 37,500. Ya dizeli itakula lita 9 na kidogo, kama shilingi 27,300. Umeokoa shilingi 10,200, au shilingi 102 kwa kila kilomita.

Usizifurahie zote. Injini ya dizeli kwa kawaida hubeba oili nyingi zaidi, na filta yake ya mafuta lazima ibadilishwe kwa wakati. Ikiwa kila sevisi ya kilomita 5,000 inakugharimu shilingi 60,000 zaidi ya ile ya petroli, hiyo ni shilingi 12 kwa kilomita. Unabaki na 90.

Sasa gawanya ile milioni 10 ya nyongeza kwa 90. Jibu ni kilomita zaidi ya 111,000. Huo ndio umbali wa kutembea kabla dizeli haijaanza kukuingizia faida kwenye mafuta. Mkulima anayekwenda gulioni mara mbili kwa wiki, kilomita 40 kwenda na kurudi, kwa mwaka anatembea kama kilomita 4,200. Atahitaji zaidi ya miaka 26. Mwenzake anayefanya biashara ya usafirishaji, kilomita 150 kwa siku, siku sita kwa wiki, anafikisha karibu 47,000 kwa mwaka. Huyo pesa yake inarudi katika mwaka wa tatu. Gari ni lile lile, barabara ni ile ile, lakini jibu la mmoja halimfai mwingine.

Kuna jambo jingine ambalo kijiweni halisemwi kabisa, nalo ni riba. Kama hiyo milioni 10 ya nyongeza umeikopa kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, mwaka wa kwanza pekee riba yake inakaribia shilingi milioni 1.8. Kwa akiba ya shilingi 90 kwa kilomita, unatakiwa utembee kilomita 20,000 ndani ya mwaka huo ili ulipe riba tu, kabla hujagusa deni lenyewe. Yule wa gulioni, mwenye kilomita 4,200, kila mwezi atakuwa anatoa mfukoni kulipia sifa ya kuwa na dizeli. Ni haki kusema pia kwamba dizeli hushika bei: ukiuza baada ya miaka mitano, sehemu ya ile nyongeza unaweza kuirudisha. Lakini SACCOS haisubiri uuze.

Bei ya mafuta nayo usiikariri. EWURA hutangaza bei za kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei hutofautiana kwa wilaya. Kwa wasikilizaji wetu wa Kenya, EPRA hutangaza tarehe 14. Kuna miezi dizeli imekuwa nafuu na kuna miezi imekuwa ghali kuliko petroli. Anayenunua gari kwa sababu mwezi huu dizeli iko chini kwa shilingi 80 anajenga nyumba juu ya mchanga.

Tuje kwenye nguvu. Anayeipa dizeli nguvu hasa ni tabo. Dizeli yenye tabo huvuta mzigo injini ikiwa inazunguka polepole, ndiyo maana hupanda kilima na tani moja bila kelele nyingi, wakati ya petroli inabidi uikanyage mpaka izunguke kwa kasi, na hapo ndipo inapokunywa mafuta. Lakini dizeli za zamani zisizo na tabo, kama zile Hilux za injini ya 5L, hazina maajabu kilimani. Hudumu sana, ila zinapanda taratibu, na pikapu ya petroli ya 2.7 inaweza kuzipita. Angalia pia mzigo wako unaelekea upande gani. Kutoka Lushoto kwenda Mombo, kabichi na viazi vinateremka. Kinachopandishwa ni mbolea, saruji na bidhaa za duka. Mtu ambaye mzigo wake mzito wote unashuka mlima anahitaji breki nzima kuliko anavyohitaji tabo. Na hakuna injini itakayokuokoa na lumbesa. Magunia kumi ya lumbesa yanapita tani moja ambayo pikapu nyingi zimetengenezewa kubeba, na kitakachokufa kwanza ni springi, beringi na klachi, iwe petroli au dizeli.

Sasa ule usemi kwamba dizeli haifi. Huu ndio unaotutia wasiwasi zaidi, kwa sababu ulikuwa kweli kwa gari moja na watu wameuhamishia kwenye gari jingine. Injini kama 5L za Hilux za zamani na 1HZ ya Land Cruiser hutumia pampu ya kawaida isiyotegemea kompyuta. Zinavumilia. Pampu ikichoka, kuna mafundi wa pampu katika miji mingi wanaoifungua na kuipima. Dizeli za kisasa, zile ambazo kwa Toyota utaona zimeandikwa D-4D, hazifanani na hizo. Mafuta husukumwa kwenye nozeli kwa shinikizo lililo mamia ya mara kuliko upepo wa kwenye tairi, kupitia matundu membamba sana. Chembe ya vumbi, matone ya maji au dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa yanatosha kuziharibu. Dizeli ndiyo inayolainisha pampu. Mafuta ya taa ni makavu, hivyo chuma kinasagana na chuma. Nozeli ziko nne, na zikiharibika mara nyingi huagizwa kutoka mjini.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza petroli au dizeli, jiulize mafuta utayapata wapi. Kama kijijini kwenu yanauzwa kwenye madumu na kituo cha kweli kiko mbali, basi D-4D iliyotumika ni kamari. Petroli iliyochanganywa nayo inaleta matatizo, injini inakohoa, inanoki, plagi zinachafuka, lakini kwa kawaida matengenezo ya mwanzo ni ya fedha ndogo na fundi wa hapo hapo anayaweza. Kabla hujalipia D-4D, mpigie muuza spea wa mji ulio karibu nawe, umuulize bei ya nozeli moja, uzidishe kwa nne. Kama hiyo pesa huwezi kuipata ndani ya mwezi mmoja bila kuuza shamba, gari hilo si lako bado.

Dizeli mpya zaidi zina pia kichujio cha masizi kwenye ekzosi. Hicho hujisafisha gari likitembea mwendo mrefu na wa moto. Safari za kilomita tatu tatu kwenda shambani hukiziba.

Wapo wanaotuuliza kuhusu gesi asilia. Mfumo wa gesi hufungwa kirahisi zaidi kwenye injini ya petroli kwa sababu ina plagi. Dizeli ni kazi nyingine kabisa. Ila vituo vingi vya kujaza viko Dar es Salaam, na mtungi hukalia sehemu ya bodi ulipokusudia kuweka magunia. Kwa walio wengi vijijini, hilo lisubiri.

Ukishaamua, na kama umeamua dizeli iliyotumika, mwambie muuzaji utafika asubuhi na asiwashe gari. Ukifika, gusa boneti. Ikiwa ina joto, amekutangulia kuna jambo anaficha, au hakukusikia. Vyovyote, rudi kesho. Injini ikiwa ya baridi, iwashe mwenyewe. Ikihangaika sana kuwaka, au ikitoa moshi wa bluu usiokwisha, kuna uchakavu. Ikiwa inanguruma, fungua kifuniko cha kujazia oili: moshi ukitoka kwa kusukuma kama wa sufuria inayochemka, pistoni na ringi zimechoka. Kwa injini za 1KD na 2KD, uliza mkanda wa taiming ulibadilishwa lini, maana hubadilishwa kila kilomita 150,000, na ukikatika injini inaharibika. Taa ya T-BELT kwenye dashibodi ikiwaka, mkanda umefika wakati wake. Ikiwa haiwaki kabisa hata unapofungua swichi, huenda mtu ameing'oa. Nenda na fundi wako, si wa muuzaji, na umlipe nauli yake hata kama gari hutalinunua.