Treni ikikimbia 160, wa Garsen atafika mapema?

Kaunti yetu ya Tana River haina reli. Mtu wa Garsen anayetaka kupanda Madaraka Express, treni ya Mombasa hadi Nairobi, hushuka kwanza kwa basi kupitia Malindi hadi Mombasa, kisha hutafuta gari la Miritini kiliko kituo. Lakini habari za treni zinatuhusu, hasa tangu Julai 2024, Tanzania ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma kwa treni ya umeme iendayo kilomita 160 kwa saa. Yetu ya Kenya mwisho wake ni 120. Tupime basi madai yanayosikika.

“Ni amri tu, wakubwa wakitaka, kesho itakimbia 160.”

Uongo. Reli ya Mombasa hadi Nairobi, kilomita 472, iliyofunguliwa 2017, ilisanifiwa kwa mwendo maalumu: 120 kwa abiria, 80 kwa mizigo, na vichwa vyake ni vya dizeli. Kwenye kona, reli ya nje huinuliwa kwa kipimo kinacholingana na mwendo. Ukibadilisha mwendo, kona nayo itataka kupimwa upya. Breki ndizo zinazonitia hofu zaidi. Kutoka 120 hadi 160 ni nyongeza ya theluthi tu, lakini kwa breki zilezile treni itahitaji umbali wa karibu mara 1.8 ili isimame. Dereva lazima apate onyo mapema zaidi, hivyo ishara zote zipangwe upya. Tena sehemu kubwa ya njia ni moja: treni ya abiria ikiongeza kasi, itaikuta ya mizigo mbele yake haraka zaidi, na moja lazima iipishe nyingine kituoni.

“Treni ya kasi ni hatari kuliko basi.”

Uongo. Shinkansen ya Japan ilianza 1964 kwa kilomita 210 kwa saa, na hadi leo hakuna abiria wake aliyekufa kwa treni kugongana au kuacha reli. Njia yake haikatizwi na barabara yoyote. Basi letu sheria inalifunga kwenye 80, nalo linagawana lami na malori, bodaboda na ng’ombe wanaovuka kwenda mtoni.

“Kikomo kikipanda, safari itapungua sana.”

Nusu kweli. Kilomita 472 kwa 120 bila kupunguza mwendo hata mara moja ni saa nne kasoro dakika nne. Kwa 160 ni saa tatu kasoro dakika tatu. Faida, ikizidi sana, ni saa moja. Safari yenyewe leo huchukua kama saa tano, na ile inayosimama Mariakani, Voi, Mtito Andei, Kibwezi na Emali huchelewa zaidi. Sasa kumbuka Novemba 2023, mafuriko ya El Niño yalipoikata barabara ya Lamu na Garsen huku Gamba. Saa moja iliyookolewa Tsavo ingemfaa nini abiria aliyezuiwa na maji?

“LAPSSET italeta reli jirani.”

Kwenye mpango wa LAPSSET, mradi wa bandari ya Lamu na njia za kuiunganisha na bara, kweli: kutoka Lamu kupitia Garissa hadi Isiolo. Mradi ulizinduliwa Machi 2012, gati la kwanza la bandari likafunguliwa Mei 2021. Reli haijajengwa.

Kwa hiyo mheshimiwa akija Garsen kuomba kura kwa ahadi ya treni ya kasi, mwulizeni kwanza lini barabara ya Gamba itainuliwa juu ya maji.