Briji si kamari: habari na mbinu kutoka meza za Kisii na Nyamira

Wiki mbili zilizopita, mwalimu mmoja wa sekondari huku Nyamira aliomba ruhusa ya kuwafundisha wanafunzi wake karata, saa moja kwa wiki, baada ya masomo. Habari ilipowafikia wazazi, pakawa hapatoshi. Karata ni kamari, wakasema, na kamari ndiyo inayotumalizia watoto. Mkuu wa shule hakukataa wala hakukubali. Amemtaka mwalimu aje ajieleze mbele ya mkutano wa wazazi, mwisho wa mwezi huu.

Mwalimu huyo ni mwenzetu mezani, na ameniomba nimwandikie maelezo kwa Kiswahili chepesi. Mimi ni mtu wa Mombasa. Nauza vinyago vya mawe ya Tabaka, kwa hiyo nusu ya siku zangu naishi Kisii mjini, na karata nilijifunza barazani Mji wa Kale kabla sijaota ndevu. Nimeona niyaweke hapa kwanza, mbele ya watu wa nyumbani, kwa kuwa maneno karibu yote ya karata ninayoyatumia ni yenu. Palipo na kasoro mnirekebishe kabla hayajafika kwa wazazi.

Mchezo wenyewe waitwa briji. Aliyecheza wahedi wa sitini tayari ana nusu yake mkononi: wachezaji wanne, wawili kwa wawili, mwenzako ameketi mbele yako, na kuna turufu. Majina ya karata hayabadiliki. Kopa ni kopa, uru ni uru, shupaza ni shupaza, pau ni pau. Wareno walitolewa Ngome ya Yesu mwaka 1698, lakini maneno yao ya karata yakabaki barazani, na leo nayasikia yakitamkwa Nyamira na mama anayepima majani ya chai. Vijana wa huku walikuwa wakisema "kadi" na "maua". Sasa wasema shupaza bila kusita, nami hufurahi kimoyomoyo.

Nusu ya pili ndiyo inayowachanganya wazee wetu wa Pwani. Katika wahedi wa sitini, kwa hesabu niliyokulia mimi, ree ni 11, saba ni 10, mzungu wa nne ni 4, mzungu wa tatu ni 3 na mzungu wa pili ni 2. Jumla ya karata zote ni 120, na mwenye 61 ameshinda; ndiyo maana ya jina lenyewe. Kwenye briji saba hushuka cheo, huwa karata ndogo tu kati ya sita na nane. Karata za nane, tisa na kumi, tulizozoea kuziweka kando, hurudi mezani, zikatimia 52, kila mtu 13. Halafu mzungu wa pili, yaani bibi, humzidi mzungu wa tatu. Mzee aliyecheza miaka 40 akimtupa bibi kama karata ya kupoteza, usimcheke. Mkono wake wakumbuka sheria nyingine.

Katika briji hatuhesabu pointi zilizomo ndani ya karata. Twahesabu mizunguko. Kila mmoja atoa karata moja. Lazima ufuate aina iliyoongozwa kama unayo. Usipokuwa nayo waweza kukata kwa turufu au kutupa yoyote. Aliyetoa kubwa amekula mzunguko, naye ndiye aongozaye unaofuata. Mizunguko ni 13.

Kabla ya karata ya kwanza kuna mnada, na mnada ndio roho ya mchezo. Wachezaji wanadi kwa zamu ahadi ya mizunguko watakayokula pamoja na wenzao. Ile 6 ya mwanzo haitajwi. Anayesema "4 kopa" ameahidi mizunguko 10, turufu ikiwa kopa. Anayesema "3 bila turufu" ameahidi 9, na hakuna aina itakayokata nyingine. Daraja za mnada zaanzia pau, kisha uru, kopa, shupaza, na juu kabisa ni bila turufu. Upande wa mwisho kunadi ndio umefunga mkataba, nao sharti uutimize. Ukipungukiwa na mzunguko mmoja tu, alama huenda kwa wapinzani.

Utajuaje cha kuahidi? Kuna kipimo kinachotumika dunia nzima: ree 4, mzungu wa nne 3, bibi 2, mzungu wa tatu 1. Karata zote zina 40. Ukiwa na 12 au 13 fungua mnada. Wewe na mwenzako mkikaribia 25, ahadi ya 3 bila turufu, au 4 za kopa au shupaza, yafikika. Tazama utamu wake: hamwonyeshani karata, hamwambiani kitu, ila kwa kunadi tu kila mmoja amekwisha kumweleza mwenzake anacho nini. Na wapinzani pia wamesikia.

Mnada ukiisha, mpinzani aliye kushoto kwa mwenye mkataba aongoza karata ya kwanza. Hapo mwenza wa mwenye mkataba alaza karata zake zote wazi mezani, kisha anyamaza. Sisi humwita bubu. Mwenye mkataba hucheza mikono yote miwili, wake na wa bubu.

Sasa habari. Tangu mwanzo wa mwaka huu tumekuwa wanane, wanne Kisii na wanne Nyamira, na hivyo tumeweza kufanya jambo ambalo meza moja haiwezi. Karata huchanganywa mara moja, mikono minne ikatiwa katika bahasha nne za kaki na kuandikwa. Baada ya kuchezwa Kisii, kila mkono hurudishwa katika bahasha yake na kupandishwa matatu kwenda Nyamira, ukachezwa upya na watu wengine. Kila upande una jozi moja iliyobaki kwao na jozi moja iliyosafiri. Jozi yetu iliyosafiri hukalia viti vilivyokaliwa na wageni huku Kisii. Karata zile zile, viti vile vile. Kinachotofautiana ni kichwa tu.

Mkono mmoja wa mechi iliyopita ndio uliotuponza, na ndio nitakaompa mwalimu aupeleke mkutanoni. Mkataba ulikuwa 3 bila turufu mezani kote kuwili. Huku kwetu aliyeucheza ni mzee mmoja tunayemwita Omogaka, yaani mzee kwa Kigusii, mimi nikiwa bubu wake. Katika shupaza alikuwa na ree na ndogo mbili, nami bubu nilikuwa na ndogo mbili. Katika uru mimi nilikuwa na ree, bibi, mzungu wa tatu, kumi na tisa, naye ana ndogo tatu. Kopa na pau tulikuwa na ree na mzungu wa nne wa kila moja. Hesabu: shupaza 1, kopa 2, pau 2, hiyo ni 5. Zatakiwa 9, kwa hiyo uru zitupe 4. Uru tano pale mezani, kikikosekana kitu kimoja tu: mzungu wa nne wake, naye yuko kwa mpinzani.

Mpinzani wa kushoto akaongoza mzungu wa nne wa shupaza. Omogaka akala papo hapo kwa ree. Kisha akaongoza uru ndogo, akacheza bibi wa bubu, na mpinzani wa kulia akamla kwa mzungu wa nne. Yule wa kulia bado alikuwa na shupaza mkononi. Akairudisha kwa mwenzake wa kushoto, na huyo alikuwa nazo nne nyingine zote nzima. Mzunguko mmoja wa uru na minne ya shupaza, mitano imekwenda. Tukaishia na 8, mkataba ukavunjika.

Nyamira, mkono huo huo aliucheza yule mama wa kituo cha chai. Twamwita Mama Mizani. Shupaza ya kwanza ilipokuja, hakuigusa ree yake. Ya pili ikaja, akaiacha tena. Mwenzake mezani alianza kutoa jasho. Ya tatu ndipo akala. Kwa nini? Wapinzani walikuwa na shupaza 8 kati yao. Aliyeongoza anaonekana ana tano, basi mwenzake ana tatu, na hizo tatu sasa zimekwisha. Mama Mizani akaongoza uru, mpinzani wa kulia akala kwa mzungu wa nne, lakini hana shupaza hata moja ya kumrudishia mwenzake. Na lau angekuwa nayo, ingekuwa na maana kwamba shupaza zimegawanyika nne kwa nne, na hasara ingekuwa mzunguko mmoja tu zaidi. Tisa zake ziko palepale. Akatimiza. Kwao alama 400, na 50 nyingine walizipata kwetu tulikovunjika. Tofauti ya 450 kwa karata moja iliyozuiliwa.

Nilipomuuliza aliwezaje kukaa kimya na ree mkononi, alinijibu kwamba kila asubuhi watu humsukumia magunia wakitaka yao yapimwe kwanza, na yeye hapimi gunia mpaka ameutazama mstari wote.

Kwa hiyo mbinu ya kwanza ni hii: bubu akishalaza karata, usiguse kitu. Hesabu mizunguko uliyo nayo hakika, jua iliyopungua ngapi, amua itatoka wapi, ndipo ucheze karata ya kwanza. Mikataba mingi niliyoiona ikivunjika mezani kwetu ilivunjika hapo.

Ya pili ni kuhesabu turufu. Kila aina ina 13. Wewe na bubu mkiwa na 8, nje ziko 5, na mara 68 katika 100 hugawanyika tatu kwa mbili. Zivute mara tatu, kwa kawaida zimekwisha. Ila zikiwa nje 4, usitegemee mbili kwa mbili. Tatu kwa moja ndiyo hutokea zaidi, karibu nusu ya mara zote. Mbinu nyingine nazitaja kwa haraka. Ukilinda dhidi ya mkataba wa bila turufu, ongoza ya nne kutoka juu katika aina yako ndefu. Ukiwa wa pili kucheza, kwa kawaida toa ndogo. Ukiwa wa tatu na mwenzako ndiye ameongoza, toa kubwa.

Na kuna moja inayotuuma sisi wa Pwani. Pale barazani nilipojifunzia, kukonyezana kulikuwa nusu ya mchezo: jicho hili maana yake ree, kidole kwenye sikio maana yake nina turufu. Kwenye briji huo ni wizi. Mwaka 2015 Boye Brogeland wa Norway alijitokeza hadharani kuwatuhumu wachezaji wakubwa wa dunia, waliowahi kuwa wenzake katika timu, kwamba walikuwa wakipeana ishara kwa namna ya kuweka vifaa mezani, na vyama vya mchezo vikawafungia. Mezani kwetu anayekonyeza huchemsha chai ya wote, na mvua ya Kisii ya alasiri hufanya adhabu hiyo iwe ya mara kwa mara.

Narudi kwa wazazi. Woga wao si wa bure. Kila mmoja hapa anamjua kijana aliyepeleka karo ya chuo kwenye mechi za mpira za simu. Tena wengi wa Gusii ni Waadventista, na kanisa lao limezikemea karata tangu zamani. Huko kwetu nako masheikh wengi wanazikataa hata pasipo pesa. Hayo ya dini nayaacha kwa wenye elimu yake, na mzazi anayemkataza mwanawe kwa sababu hiyo sina neno naye. Ninalopinga ni neno "kamari". Hata Sheria ya Kamari ya Kenya ya mwaka 1966 ilizungumzia mchezo wa bahati unaochezwa ili kushinda pesa au kitu chenye thamani ya pesa. Kwetu haiwekwi hata soda. Na bahati yenyewe, bahasha za kaki zimeitoa: Omogaka hawezi kusema alipewa karata mbaya, maana Mama Mizani alipewa zizo hizo.

Mwalimu asifiche lakini kwamba wako wanaocheza briji kwa pesa. Wapo, na ni tangu zamani. Akiulizwa, ajibu hivyo, kisha aeleze sharti lake: hakuna senti darasani, na atakayeleta senti hatarudi. Aongeze pia kwamba Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa inalitambua shirikisho la briji la dunia, na kwamba katika Michezo ya Asia ya mwaka 2018 kule Jakarta dhahabu ya jozi za wanaume ilichukuliwa na Wahindi wawili, Pranab Bardhan wa miaka 60 na Shibnath Sarkar wa miaka 56. Babu anaweza kuketi meza moja na mjukuu, wakashindana sawa kwa sawa. Huku Nyamira, ambako wazee wengi wameachwa na watoto walioenda Nairobi, hilo nadhani litasikika zaidi kuliko Olimpiki.

Mkutano ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Mechi yetu ijayo ni Jumapili inayofuata, na safari hii bahasha zitaanzia Nyamira. Wazazi wamealikwa waje watazame. Tumewawekea viti nyuma ya Mama Mizani.