Mabega Yaliyochukua Mali

Tajiri ni mtu gani? Wengi hujibu, "Ni mtu mwenye mali nyingi." Jibu hilo ni kweli, lakini halitoshi. Imetupasa kuuliza tena, "Mali hiyo ilimfikiaje?" Basi, na tutazame habari za mtu mmoja wa pwani yetu.

Sewa Haji Paroo, aliyezaliwa mwaka 1851, alikuwa mfanya biashara Mhindi wa Bagamoyo. Zamani zile hapakuwa na reli wala motokaa za kwenda bara. Wapagazi walitoka Bagamoyo na majora ya nguo, shanga na nyaya za shaba, wakaenda kwa miguu mpaka Tabora na Ujiji, wakarudi na pembe za ndovu. Mzigo wa mtu mmoja ulipata ratli 60 au 70, na safari ilikuwa ya miezi. Wengine walikufa njiani kwa njaa na ndui. Sewa Haji aliwauzia wenye misafara bidhaa, akawatafutia wapagazi, akatajirika sana. Wala si wote waliomsifu. Stanley, yule msafiri, alipata wapagazi kwake mwaka 1871, kisha akaandika kitabuni kwamba kijana yule ni mjanja mno katika hesabu.

Lakini mwaka 1896 Sewa Haji alitoa nyumba ya ghorofa mjini Bagamoyo iwe shule, kwa sharti kwamba watoto wa kila taifa wapokewe. Tena alitoa fedha za kujenga hospitali Dar es Salaam, nayo ikaitwa kwa jina lake. Akafa mwaka 1897. Hospitali ikabaki, ikauguza watu miaka mingi.

Je, alitoa zawadi, au alilipa deni? Naona ni yote mawili. Ilikuwa zawadi, maana hakulazimishwa. Ilikuwa deni, maana mali yake ilipita mabegani mwa watu wengi ambao majina yao hayakuandikwa mlangoni. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwa hiyo mambo mawili humpasa tajiri. Kwanza, amlipe mfanya kazi haki yake yote. Ampunjaye mtu ujira wake, kisha akajenga shule, amerudisha kidogo tu katika kile alichokitwaa. Pili, atoe kitu kitakachodumu. Kibaba cha unga hushibisha leo. Shule na kisima huwafaa hata wajukuu.

Nawe, mwanafunzi, usiseme, "Mimi si tajiri." Elimu yako ni mali, na mabega ya watu wengine yameichukua: kuna aliyelima, kuna aliyeuza, ili wewe usome. Basi mzee wa jirani akikuletea barua, msomee vema, wala usimtoze kitu.

MASWALI
1. Wapagazi walichukua nini kwenda bara, na nini kurudi pwani?
2. Kwa nini zawadi ya tajiri huweza kuitwa deni?
3. Taja mtu mmoja aliyechukua mzigo kwa ajili ya elimu yako. Utamrudishia nini?