Kuitambua Injini Kongwe Iliyopoteza Kibati

Injini tuli, yaani zile zilizofungwa kwa bolti sakafuni ili ziendeshe visiagi na pampu za maji, aghalabu hudumu kuliko vibati vya shaba vyenye majina yao. Kibati kikishang'olewa na rangi ya awali kufunikwa, hubaki pande la chuma lisilo na jina. Mwenyewe huagiza kipuri kisichoingia, ama huliuza pande zima kwa kilo kama chuma chakavu, ilhali umbo lenyewe lilikuwa linasomeka.

Kwanza huchunguzwa namna mafuta yanavyowashwa. Plagi na magneto huashiria petroli au mafuta ya taa. Pampu ndogo yenye kijibomba chembamba kinachoelekea kichwa cha silinda huashiria dizeli. Ipo aina ya tatu ambayo wengi huichanganya na dizeli: ile yenye kibofu cha chuma kilichochomoza kichwani. (Neno kibofu linafaa, maadamu kiungo chenyewe ni kitupu ndani.) Kibofu hicho kilipashwa kwanza kwa taa ya kupulizia moto. Injini za Hornsby-Akroyd, zilizoundwa Grantham, Uingereza, tangu miaka ya 1890, ni za ukoo huu. Anayezungusha injini ya namna hiyo ikiwa baridi hutoka jasho bure.

Kisha hutazamwa maji. Hodhi lililo wazi juu ya silinda ni alama ya injini ndogo za petroli kama Lister D ya mwaka 1926, yenye nguvu farasi 1.5. Silinda iliyofunikwa, yenye mabomba mawili yaendayo kwenye pipa la nje, huelekeza kwingine, na hasa kwa Lister CS.

Hii CS, iliyoundwa Dursley, Uingereza, ndiyo inayostahili kujulikana vyema. Herufi zake zafupisha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kuwaka ikiwa baridi, yaani bila kupashwa kibofu. Ina silinda iliyosimama wima na magurudumu mawili mazito, moja kila upande. Tarakimu 6/1 humaanisha nguvu farasi 6 na silinda 1. Mwendo wake ni mizunguko 650 tu kwa dakika. Kwenye nyingi, ubavuni mwa kichwa cha silinda, mna kigurudumu cha mkono cha kuongezea mgandamizo wakati wa kuwasha.

Hata hivyo, umbo hilo limeigwa sana Rajkot, nchini India. Nakala nyingi hazina kigurudumu hicho, ingawa kukosekana kwake pekee si ushahidi, kwani huenda fundi alikiondoa. Jina lililosubiwa katika chuma chenyewe ni shahidi bora kuliko kibati, ambacho huhamishika kwa skrubu chache. Kwa mwenye kisiagi tofauti hiyo si msiba, kwa kuwa vipuri vingi vya nakala huingia kwenye CS baada ya kusawazishwa kidogo kwa tupa.