Je, Mtu Anaweza Kujikamata Mwenyewe? Fahamu Sheria Inavyosema Kuhusu Ukamataji na Kujisalimisha

Na Mwandishi Wetu

Wananchi wengi wanafahamu kuwa sheria za Tanzania zinamruhusu raia wa kawaida kumkamata mtu anayetenda kosa mbele yake. Swali lisiloulizwa mara nyingi ni hili: iwapo aliyetenda kosa ni raia huyo mwenyewe, je, anaweza kutumia mamlaka hayo kujikamata?

Jibu la kisheria ni hapana. Hata hivyo, ipo njia halali iliyo wazi kwake, nayo ni kujisalimisha kwa Jeshi la Polisi. Tofauti ya mambo haya mawili si ya maneno matupu, kwa kuwa inagusa haki na usalama wa mhusika.

Utaratibu wa ukamataji umewekwa na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20. Kwa mujibu wa sheria hiyo, mtu binafsi anaweza kumkamata bila hati mtu anayetenda mbele yake makosa yaliyoainishwa, ukiwemo uvunjifu wa amani. Mwenye mali, mtumishi wake au mtu aliyepewa idhini naye pia anaweza kumkamata anayekutwa akiiharibu mali hiyo. Baada ya kumkamata, raia anawajibika kumkabidhi mtuhumiwa kwa askari polisi bila ucheleweshaji usio wa lazima, na askari asipopatikana, kumfikisha katika kituo cha polisi kilicho karibu.

Masharti hayo yanahitaji watu wawili. Sheria inamtaka anayekamata amguse au auzuie mwili wa anayekamatwa, isipokuwa kama huyo amekubali kwa neno au kwa kitendo kuwa chini ya ulinzi. Kukubali huko ni kujiweka mikononi mwa mtu mwingine. Aliyejifungia chumbani na kutangaza kuwa amejikamata bado ni mtu huru, kwa sababu ufunguo anao yeye na anaweza kutoka wakati wowote.

Umuhimu wa jambo hili unaonekana katika hesabu ya muda. Muda wa msingi ambao polisi wanaruhusiwa kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi ni saa 4, ingawa unaweza kuongezwa kwa kufuata utaratibu. Aidha, mtu aliyekamatwa bila hati kwa kosa lisilo na adhabu ya kifo, ikionekana hawezi kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, mkuu wa kituo anapaswa kulichunguza shauri lake na kumwachia kwa dhamana, isipokuwa kosa likionekana kuwa zito. Saa hizo hazihesabiwi tangu mtu alipojifungia nyumbani, bali tangu alipowekwa chini ya ulinzi.

Je, aliyekwenda kituoni kwa hiari yake analindwa? Ndiyo. Sheria inamhesabu mtu kuwa chini ya ulinzi pale anapokuwa pamoja na askari kwa ajili ya upelelezi, na askari huyo asingemruhusu kuondoka hata kama angetaka. Hivyo, kauli kwamba "alikuja mwenyewe" haimwondolei haki zake. Anapaswa kuelezwa kosa analotuhumiwa, na kabla ya kuhojiwa aonywe kuwa halazimiki kujibu maswali, isipokuwa yale ya jina na anwani yake. Anayo pia haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki.

Onyo hilo lisichukuliwe kwa wepesi. Chini ya Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, maungamo yaliyotolewa kwa hiari mbele ya askari polisi yanaweza kutumika mahakamani dhidi ya aliyeyatoa. Kujisalimisha ni jambo moja na kukiri kosa ni jambo jingine. Mtu anaweza kufanya la kwanza na kusubiri ushauri wa wakili kabla ya la pili.

Kwa dereva aliyemgonga mtu huku umati ukianza kukusanyika, au kijana anayetuhumiwa wizi mtaani, kufika kituoni mapema kunaweza kuokoa maisha. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, katika Ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla ya kuthibitika kuwa ana hatia. Wananchi wanaomshikilia mtuhumiwa hawana mamlaka ya kumpiga wala kumwadhibu. Kazi yao inaishia katika kumkabidhi.

Ipo pia tahadhari kwa wanaofikiria kujisalimisha kwa niaba ya ndugu. Upendo wa familia hauhalalishi uongo, kwani kumpa mtumishi wa umma taarifa unayojua si ya kweli ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Anayefanya hivyo anajitengenezea shtaka lake, huku mhusika halisi akibaki nje.

Mwananchi anayeamini kuwa ametenda kosa anashauriwa kumjulisha ndugu au wakili kuwa anakwenda polisi na kutaja kituo, kisha kwenda akiwa ameambatana na mtu anayemwamini, akiwemo kiongozi wa mtaa au kijiji. Akifika, ahakikishe saa ya kufika kwake imeandikwa, na asitie saini maelezo yoyote kabla hajayasoma au kusomewa. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba huduma chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.